UKURASA WA NYUMBA NA SHULE: Taa Hafifu za Darasani

Mwezi huu twaiacha kidogo habari ya kuhifadhi vitunguu, maana tumepokea barua isiyofaa kungojeshwa. Yatoka kwa mwalimu mmoja wa upande wa Iramba, na neno aulizalo si lake peke yake. Twajua ya kuwa nyumba nyingi na shule nyingi za mkoa wetu wa Singida zimo katika shida ile ile, ijapokuwa wenyewe hawajaandika.

Habari yenyewe ni hii. Wazazi wa kijiji chake walichanga fedha baada ya kuuza alizeti, wakanunua paneli ya jua na betri ya volti 12, ili watoto wa darasa la saba wapate kusoma jioni kabla ya mtihani wao. Paneli na betri vikawekwa nyumbani kwa mwalimu, kwa kuwa darasa halina mlango wa kufungika vema, na waya ukavutwa kutoka hapo mpaka darasani, mwendo wa mita 30. Taa ni sita, na kila moja imeandikwa wati 10. Zilipojaribiwa nyumbani karibu na betri ziling'aa sana, hata watoto wakapiga makofi. Darasani zimekuwa hafifu, na mtoto akaaye dawati la nyuma haoni maandishi ya ubaoni. Fundi akaitwa, akasema, "Betri yenu ni ndogo, nunueni ya pili." Wazazi wamekwisha kuanza kuchanga tena, na wengine wananung'unika ya kwamba fedha ya alizeti imeliwa. Mwalimu atuuliza, Je, tununue?

Twamjibu mbele ya wote: La, msinunue betri. Na sababu twaweza kuionyesha kwa hesabu, maana mwalimu huyu amefanya jambo la busara ambalo fundi hakulifanya. Aliazima mita ya kupimia umeme, akatuletea vipimo vitatu, taa zote zikiwa zawaka. Kwenye betri alikuta volti 12. Darasani, kwenye taa zenyewe, volti 9.3. Na mkondo upitao ndani ya waya, ampea 3.9. Mtu mwenye vipimo vitatu hivi hana haja ya kubahatisha, wala ya kumwamini fundi, wala ya kutuamini sisi. Atapiga hesabu mwenyewe.

Kwanza maana ya maneno. Fikirini pipa la maji lililowekwa juu ya jukwaa, na bomba litokalo chini yake. Kadiri jukwaa lilivyo refu, ndivyo maji yasukumwavyo kwa nguvu; msukumo huo, kwa upande wa umeme, hupimwa kwa volti. Wingi wa maji yapitayo bombani kwa kila nukta ya saa ni mfano wa mkondo, nao hupimwa kwa ampea. Na bomba likiwa jembamba au refu mno, huyazuia maji. Kizuizi hicho katika umeme chaitwa ukinzani, na kipimo chake ni omu. Mfano huu una mpaka wake, maana bomba likikatika maji humwagika, bali waya ukikatika umeme husimama pale pale. Lakini kwa kazi yetu ya leo watosha.

Kanuni ni mbili tu, na mtoto wa darasa la sita aziweza. Ukitaka kujua ukinzani wa kitu, gawanya volti zake kwa ampea zake. Jibu ni omu. Ukitaka kujua nguvu kitumiayo, zidisha volti zake kwa ampea zake. Jibu ni wati. Angalieni sana neno hili "zake". Watu wengi hukosea kwa kuchukua volti za mahali pamoja na kuzitumia kwa kitu cha mahali pengine. Volti za betri si volti za taa, na hapo ndipo siri yote ya darasa lile ilipo.

Waalimu watapenda kujua ya kwamba kanuni ya kwanza iliwekwa wazi na mwalimu wa shule mwenzao. Georg Simon Ohm alizaliwa mwaka 1789 katika mji wa Erlangen, Ujerumani, mwana wa fundi wa makufuli. Alikuwa akifundisha hesabu na elimu ya maumbile katika shule ya mji wa Köln, na baada ya kazi yake alijaribu nyaya za urefu mbalimbali, moja baada ya moja. Kwanza betri za siku zile zilimtaabisha, maana nguvu yake ilipanda na kushuka asipate kipimo cha kutegemewa. Ndipo akatumia vipande viwili vya madini tofauti vilivyounganishwa, kiungo kimoja katika maji yachemkayo na kingine katika barafu, akapata msukumo mdogo lakini usiobadilika. Mwaka 1827 alitoa kitabu chake. Wakubwa wa elimu wa nchi yake hawakukipokea vema, naye akaacha kazi yake ya ualimu. Miaka 14 ikapita hata chama cha wataalamu cha London, Royal Society, kilipompa nishani yake kubwa mwaka 1841. Alikufa mwaka 1854, na mwaka 1881 mkutano wa mataifa uliofanyika Paris ukakubali jina lake liwe kipimo cha ukinzani. Sisi twamheshimu zaidi kwa ile subira ya kupima waya baada ya waya jioni, akiisha kusahihisha madaftari.

Haya, turudi Iramba.

Taa zile sita zapata volti 9.3 na ampea 3.9. Zidisheni: nguvu yake ni wati 36 na kidogo. Lakini zimeandikwa wati 10 kila moja, yaani jumla 60. Basi darasa lapata sehemu tatu tu katika tano za mwanga wa kutumaini. Sasa betri: yatoa volti 12 kwa ampea zile zile 3.9, maana mkondo uliotoka betrini ndio uliopita kwenye taa, hakuna mahali pa kupungukia njiani. Zidisheni tena: wati 46.8. Betri yatoa 46.8, taa zapokea 36.3. Zilizobaki, wati 10.5, zimekwenda wapi? Zimeliwa na waya. Waya umezigeuza kuwa joto, umeupasha moto udongo wa uwanja wa shule usiku kucha. Ni kama taa ya saba iliyozikwa ardhini, isiyomwangazia mtu.

Tutazame waya wenyewe. Betrini volti ni 12, darasani 9.3, volti zilizopotea njiani ni 2.7. Hizi ndizo volti "zake" waya. Zigawanyeni kwa ampea 3.9, mtapata omu 0.69. Je, ni haki waya kuwa na ukinzani huo? Waya wa shaba wenye unene wa milimita ya mraba 1 una ukinzani wa omu 0.0172 kwa kila mita moja. Mwalimu atuambia waya wao umeandikwa 1.5. Na urefu wake si mita 30, bali 60, maana umeme huenda kwa uzi mmoja na kurudi kwa mwingine. Wengi husahau njia ya kurudi. Basi, 0.0172 mara 60, gawanya kwa 1.5, ni omu 0.69. Hesabu na kipimo vyapatana. Twajua sasa ya kuwa waya ni shaba ya kweli, na viungo vimefungwa sawasawa. Kama kipimo kingalizidi sana hesabu, tungaliwaambia wakatafute kiungo kilicholegea au kilichoota kutu, au tungalishuku ya kuwa wameuziwa waya wa alumini uliopakwa shaba juu. Waya wa namna hiyo waonekana mzuri machoni, lakini ukinzani wake wazidi ule wa shaba kwa mara moja na nusu na zaidi. Uko madukani, nao ni rahisi kwa bei. Mtu aweza kuujua kwa kuukwaruza kwa kisu: ndani ni mweupe.

Kwa hiyo fundi hakudanganya aliposema mwanga ni haba, ila ametibu kichwa hali ugonjwa uko mguuni. Betri ya pili ikifungwa sambamba na ya kwanza, volti hubaki 12. Taa zingedumu saa nyingi zaidi, lakini zingekuwa hafifu vile vile kwa muda mrefu zaidi. Zikifungwa kwa kufuatana, volti zingekuwa 24, na taa za volti 12 zingeungua siku ile ile. Hapo fedha ya wazazi ingepotea mara ya pili, na safari hii na taa pia.

Dawa ni kuunenepesha waya. Wakinunua wa 6 badala ya 1.5, ukinzani washuka kuwa robo, yaani omu 0.17. Taa zenyewe, kwa vipimo vya mwalimu, zina omu 2.4 hivi (9.3 gawanya kwa 3.9). Jumlisheni na waya, 2.57. Gawanyeni volti 12 kwa 2.57, mtapata ampea 4.67. Taa zitapata 4.67 mara 2.4, yaani volti 11.2, na nguvu yake wati 52. Waya utakula wati 4 tu. Hapa twachukua kwamba ukinzani wa taa haubadiliki. Taa za siku hizi hubadilika volti zikibadilika, kwa hiyo watarajie jibu la karibu, si hili hasa. Walakini kutoka 36 hata 52 ni tofauti ambayo mtoto wa dawati la nyuma ataiona bila mita.

Na kama waya wa 6 haupatikani katika duka la karibu, au bei yake yatisha, wasiutupe ule wa kwanza. Wavute nyaya nyingine tatu za 1.5 kando yake, waziunge pamoja huku na huku, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi. Nne mara 1.5 ni 6. Umeme hautambui kama njia ni moja pana au nne nyembamba zilizo sambamba. Tena kuna njia isiyogharimu waya kabisa: kutengeneza mlango wa darasa na kufuli, na kuhamishia betri na paneli huko huko. Hilo ni juu ya wazee wa kijiji na seremala wao. Sisi tusioujua usalama wa mahali pale hatuwezi kuwaamulia.

Sasa twageukia nyumba zilizo na umeme wa TANESCO wa volti 230, msije mkadhani haya hayawahusu. Waya ule ule wa darasa, wenye omu 0.69, ungepitishwa wati 60 kwa volti 230, mkondo ungekuwa ampea 0.26 tu, na upotevu wa waya usingefika hata sehemu moja ya kumi ya wati moja. Mbona tofauti kubwa hivi? Kwa sababu joto la waya hufuata mkondo ukizidishwa kwa mkondo wenyewe, kisha kwa ukinzani. Mkondo ukipungua kuwa nusu, joto lapungua kuwa robo. Ndiyo maana ya zile nguzo ndefu za chuma zipitazo mkoani kwetu. Njia ya umeme kutoka Iringa kwa Dodoma na Singida mpaka Shinyanga, urefu wake kilomita 670, ilijengwa kwa kipimo cha volti 400,000. Na ile itokayo Singida kwa Babati na Arusha mpaka Isinya, Kenya, ni ya kipimo hicho hicho, nayo iliunganisha umeme wa nchi hizi mbili mwezi wa Desemba 2024. Umeme ule ule ukipitishwa katika waya ule ule kwa volti 33,000 badala ya 400,000, mkondo ungezidi mara 12 hivi, na upotevu ungezidi mara 147. Wahandisi wa gridi na mwalimu wa Iramba wapigana na adui mmoja.

Lakini kanuni hiyo hiyo iokoayo umeme njiani ndiyo iunguzayo nyumba. Twaomba akina mama na akina baba wasome hapa kwa uangalifu. Pasi ya wati 1000 yavuta ampea 4.3, birika la wati 2000 lavuta 8.7. Vikichomekwa vyote viwili katika waya mmoja wa kuongezea urefu, mkondo ni ampea 13. Waya huo wa dukani mara nyingi ni mwembamba, wa 0.75. Ukiwa na urefu wa mita 10, kwenda na kurudi 20, ukinzani wake ni omu 0.46. Kumi na tatu mara kumi na tatu ni 169, mara 0.46, ni wati 78 za joto ndani ya waya. Ukinyoshwa sakafuni, joto latawanyika. Ukiachwa umeviringwa kama kamba ya kisimani, au umefichwa chini ya mkeka au godoro, joto halina pa kutokea. Mpira walainika, nyuzi zagusana, na moto waanzia hapo. Tena soketi iliyolegea, yenye ukinzani mdogo sana wa omu 0.1 tu, kwa ampea 13 hutoa wati 17 mahali padogo kama ukucha. Ukiona plagi imekuwa kahawia, au plastiki yake yanuka, usingoje.

Ndani ya plagi ya miguu mitatu bapa mna kidude kiitwacho fyuzi, mara nyingi cha ampea 13. Ampea 13 mara volti 230 ni wati 2990. Huo ndio mpaka wake. Fyuzi ikikatika, imefanya kazi yake, imejitoa ili nyumba ipone. Twasikia wako watu wauwekao mahali pake uzi wa waya au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Hao wamemfukuza mlinzi, na mlango wamemwachia mwivi.

Na wale wa mwisho wa mstari walalamikao ya kuwa pasi haipati moto jioni, wapime hivi. Pasi ya wati 1000 kwa volti 230 ina ukinzani wa omu 53 hivi. Umeme ukishuka hata volti 180, mkondo wake washuka kuwa ampea 3.4, na 180 mara 3.4 ni wati 612. Volti zimepungua kama sehemu moja ya tano, lakini moto umepungua karibu sehemu mbili za tano, kwa kuwa volti zimeshuka na mkondo umeshuka pamoja nazo. Lakini mita ya LUKU nayo huhesabu kwa wati zilizopita kweli, wati 1000 kwa saa moja ni uniti moja, kwa hiyo hamlipishwi moto msioupata. Mwapoteza wakati tu, na ukosi wa shati wabaki na makunyanzi.

Neno moja juu ya mwili wa mwanadamu, maana nao una ukinzani. Ngozi kavu huzuia sana; ngozi iliyolowa huzuia kidogo, na mwili wote waweza kushuka hata omu 1000. Betri ya volti 12 ikikutana na mwili huo yapitisha ampea 0.012, nawe hutadhurika. Umeme wa nyumba, 230 gawanya kwa 1000, ni ampea 0.23. Vile vifaa vya kukata umeme vya kulinda watu huwekwa kukata mkondo ukivuja ampea 0.03 tu, nanyi mwaona 0.23 ilivyo mbali kupita hapo. Kwa hiyo kamba ya kuanikia nguo isifungwe kamwe kwenye nguzo au waya wa umeme, wala mtoto asiguse swichi akitoka kuoga. Na mita aliyotumia mwalimu kwa betri, wanafunzi na waitumie kwa betri tu. Ya ukutani waachiwe mafundi wenye leseni.

Kwa waalimu watuombao kazi ya darasani: birika limeandikwa volti 230, wati 1840. Lavuta ampea ngapi, na ukinzani wake omu ngapi? Umeme ukishuka hata volti 200, na ukinzani usibadilike, maji yatachemshwa kwa wati ngapi? Majibu yatatoka mwezi ujao, pamoja na vitunguu.